Msiba Usio na Turubai

Mtu akifiwa, huku kwetu hakuna anayeuliza la kufanya. Kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye kirikuu, kijana mmoja ameketi na daftari la rambirambi, na akina mama nyuma ya nyumba wameshagawana kazi: huyu mchele, yule vitunguu, mwingine kuhesabu sahani za kukodi. Mfiwa mwenyewe hahitaji kusema kitu. Analetewa uji, anaketishwa mkekani, analia akitaka, ananyamaza akichoka, na wanaolala msibani wanalala palepale sebuleni ili asizinduke usiku akakuta nyumba tupu. Baadaye inakuja arobaini. Mjane wa Kiislamu ana eda yake, miezi minne na siku kumi, na hakuna wa kumhimiza achangamke kabla muda haujatimia. Huzuni imepewa siku zake na imepewa watu wake.

Aliyeacha pombe hapati hata kimoja kati ya hivyo. Anapata hongera. Mke anamshukuru Mungu, mchungaji anamtaja kanisani, ndugu wanapigiana simu kwamba fulani sasa amekuwa mtu, na wapo wanaomwandikia kabisa hesabu ya fedha atakazookoa kwa mwaka. Wana haki ya kufurahi. Lakini yeye, katikati ya shangwe ile, mara nyingi anajisikia amefiwa. Anaamka kichwa kikiwa chepesi, hadaiwi kaunta, hana aliyemkosea jana usiku, na bado anahisi kuna mtu ametoka humu ndani na hatarudi. Akisema hivyo, watu watamshangaa: yaani unalilia pombe? Basi hasemi. Anacheka na wanaocheka, anapokea hongera, na usiku anageukia ukutani.

Mimi ni mmoja wao, na nimekaa na wengine wengi wa aina yangu, wanaume kwa wanawake. Huzuni ile haitokani na upungufu wa imani, wala haionyeshi kwamba mtu hajaamua sawasawa. Ni msiba kamili. Na kwa kuwa haukaliwi matanga, hauishi. Unamsubiri mwenyewe barabarani, na barabara zetu zina baa kila baada ya nyumba kadhaa. Nimewaona watu walioshinda mitetemeko, walioshinda aibu, walioshinda hata kejeli za marafiki, kisha wakarudi kunywa kwa sababu ya upweke wa Ijumaa moja ambayo hakuna aliyeijua.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni ambazo jamii haizitambui. Huzuni ya mpenzi wa siri asiyeweza kukaa pamoja na wafiwa. Huzuni ya mama aliyeharibikiwa na mimba kabla majirani hawajaiona. Huzuni ya mwanamke aliyeachana na mumewe, kisha mume yule akafa, na yeye hajui asimame wapi makaburini. Watu hawa wanabeba msiba huku wakiuficha, na kule kuuficha ndiko kunakouongezea uzito. Mimi namwona aliyeacha pombe katika mstari huohuo. Tena yeye ana nyongeza yake: anayemlilia hajazikwa popote. Yupo, anauzwa, anapita mbele yake kwenye sinia la mhudumu, anacheka na watu wengine.

Sijaja kuitetea pombe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 2.6 walikufa mwaka 2019 kwa sababu zinazotokana na pombe, na kila kata ya nchi hii ina makaburi yake ya kuthibitisha hesabu hiyo. Serikali yetu hapa Tanzania ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, tulijadili afya za vijana, tukajadili kodi, tukajadili ajira viwandani, tukajadili plastiki kwenye mitaro. Ilikuwa mijadala ya lazima. Sikumsikia aliyeuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa akimaliza siku yake na kile kifuko angeimaliza na nini sasa.

Ili nieleweke, niseme kilichopotea ni kitu gani, kwa maana wasiowahi kunywa hudhani ni ule ulevi tu. Ulevi ndio ulikuwa sehemu ndogo kabisa.

Kwetu ni Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nyumba zilikojificha ndani ya migomba na mibuni. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huchukua siku nyingi kutengenezwa na mikono ya watu wengi, hasa wanawake. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi, zikaachwa zichachuke, zikachujwa. Pembeni ulezi umeloweshwa ukamea, umeanikwa, umesagwa, umepikwa uji. Magome ya msesewe yanatia ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi baada ya utamu kupita. Siku ya kuchanganya, harufu inavuka uzio na kufika kwa jirani kabla mtu hajatumwa kumwita.

Na hakuna jambo zito lililowahi kufanyika pasipo hiyo. Posa ilikwenda na mbege, mahari ilikwenda na mbege. Waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, walipopatanishwa, jani la sale, ishara yetu ya kuombana msamaha, lilitolewa, kisha wakanywa pamoja mbele ya wazee ili mashahidi wawe wengi. Mwenye pombe huonja kwanza mbele za watu, ndipo kata ya kunywea ianze safari yake kwa wazee na kushuka. Ukipewa kata, umetambuliwa: anayekupa anajua wewe ni mtoto wa nani na unakuja baada ya nani. Hakuna kitambulisho nilichowahi kupewa chenye uhakika kuliko kile.

Kila Desemba watu wa Kilimanjaro hujaza mabasi kurudi nyumbani, na wenzetu wa makabila mengine wana utani wao kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Wanachokisema kwa utani ni kweli tupu, na mahali penyewe pa kuhesabiwa ni pale kwenye mabenchi chini ya mparachichi, kata inapozunguka. Desemba ya kwanza tangu niache, kata ilifika kwa kaka yangu, ikapita mbele ya magoti yangu, ikaenda kwa binamu. Hakuna aliyenuna. Walikuwa wameshaambiwa, na walifanya hivyo kwa upendo, ili wasiniweke majaribuni. Lakini mkono wangu, ambao ulikuwa katika mzunguko ule tangu nilipoota ndevu, ulibaki umelala juu ya paja. Nikaendelea kuzungumza habari za bei ya kahawa. Ndani nilikuwa najiuliza kama mimi bado nimo.

Mjini msiba una sura nyingine. Dar es Salaam, kwa watu wa ofisini na hata wa gereji, siku ilikuwa na mwisho wake unaojulikana. Saa kumi na mbili, joto limeanza kulegea, unavuta kiti, mhudumu anauliza baridi au moto, anakiachia kizibo kianguke sakafuni, na hapo ndipo unapoanza kuvuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Mwenzako anasema neno kuhusu bosi. Unajibu. Hamjaanza hata kunywa na tayari mabega yameshuka. Nilipoacha, nilikuwa nimejiandaa kuikosa bia. Sikuwa nimejiandaa kukosa saa kumi na mbili. Siku ikawa haina mwisho. Kazi inaingia ndani ya jioni, jioni inaingia ndani ya usiku, na mtu unakaa kwenye sofa umeshika rimoti, unabadilisha stesheni, hujui unachosubiri.

Halafu kuna vikao vya harusi. Asiyeijua Tanzania anaweza kudhani kamati ya harusi hukutana ukumbi wa kanisa. Hukutana baa, wiki baada ya wiki kwa miezi, na mwenyekiti hafungui kikao mpaka kila mjumbe ameagiza. Ajenda ni mchango, ukumbi, mpambaji, keki. Lakini mambo yenyewe huamuliwa baada ya kikao kufungwa, wakati wenye magari ya mbali wameondoka na waliobaki wamesogeza viti. Hapo ndipo anapopatikana wa kumkopesha bwana harusi kwa siri, ndipo shemeji wawili waliokuwa hawasalimiani wanapocheka pamoja. Ukiwa na soda, chupa ya pili tayari imekukinaisha. Ya tatu huwezi. Unaaga. Unaposikia wiki iliyofuata yaliyopangwa baada ya wewe kuondoka, unagundua kwamba umekuwa mchangiaji na umeacha kuwa mwanakamati, ingawa jina lako bado lipo kwenye orodha.

Na kabla ya kuaga umeshahojiwa. Umeokoka? Unatumia dawa? Una presha? Sukari? Mwanamke ataulizwa kama ana mimba, tena kwa sauti, mbele za watu, na akikana watasubiri tumbo. Watu wetu wanakubali mtu aache pombe kwa amri ya Mungu au kwa amri ya daktari. Kwamba mtu anaweza kuacha kwa sababu amejiona anazama, hilo linawapa shida, pengine kwa sababu linamgusa kila aliyekaa pale mezani.

Kuna usemi unaorudiwarudiwa na wanaotaka kutufariji: waliokukimbia baada ya kuacha hawakuwa marafiki. Siukubali hata kidogo. Wale walikuwa marafiki. Mmoja alinisindikiza hospitali ya wilaya usiku wa mvua mwanangu alipougua malaria, na alikuwa amekunywa, na alikaa na mimi kwenye benchi mpaka alfajiri. Mwingine alinilipia kodi miezi ambayo mshahara wangu ulikuwa umekwama, na hajawahi kunikumbusha. Walichokosa ni mahali pengine pa kukutana na mimi. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza tukiwa tumekaa sebuleni mchana, hatujui tuanzie wapi, tunaona aibu. Kuwaita wanafiki ili mimi nijisikie vizuri ni kuwakosea, na ni kunyang'anywa mara ya pili: kwanza nimepoteza ule urafiki, kisha naambiwa haukuwepo.

Pia unampoteza mtu mwingine ambaye ni wewe mwenyewe. Yule aliyesimama harusini akatoa hotuba bila karatasi. Yule aliyeweza kucheza. Yule aliyemwambia kaka yake, mara moja kwa mwaka, kwamba anampenda. Miezi mingi baada ya kuacha nilidhani mtu yule alikuwa mkopo, pombe ilinikopesha na sasa imechukua mali yake. Leo naamini sehemu yake ilikuwa yangu. Ila kuirudisha ni kazi ya polepole, na kucheza bila kunywa, kwa mtu wa umri wangu, mbele ya wakwe, kunataka ujasiri ambao sijaupata wote.

Mwili nao una sehemu yake katika huzuni hii, na ni vizuri ijulikane. Pombe huutuliza ubongo kwa kuipa nguvu kemikali iitwayo GABA na kuidhoofisha glutameti, ambayo kazi yake ni kuchangamsha. Kwa anayekunywa sana kila siku, ubongo hujirekebisha ili aweze kusimama na kufanya kazi: unapunguza utulivu wake wenyewe na kuzidisha msisimko. Pombe ikiondolewa ghafla, ule msisimko unabaki bila kizuizi. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia. Wengine hupata degedege. Wengine, siku ya pili au ya tatu, huweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Kwa hiyo mnywaji mkubwa asijifungie chumbani aache kwa ubabe, na familia isimfungie. Aende hospitali, zipo dawa za kumvusha siku hizo, na atapewa vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo.

Zikipita siku hizo unakuja ubapa. Ubongo ulizoea kupewa furaha kutoka nje, na unachukua wiki, mara nyingi miezi, kujifunza tena kufurahia vitu vya kawaida. Chakula ni chakula tu. Mpira ni watu wanakimbia. Mtoto anakuja na daftari lenye tiki nyekundu nyingi, unajua kwamba unapaswa kufurahi, unatabasamu, na ndani hakuna kinachotikisika. Wengi wanaogopa hapo, wanadhani maisha yatakuwa hivyo mpaka kaburini. Mtu angeniambia mapema kwamba ubapa ule unapita, angekuwa ameniokoa na usiku mwingi. Unapita. Kwangu ulipita kwa vipande: muziki ulirudi kabla ya chakula, na kicheko kilichelewa sana.

Ila nisingependa mtu aniambie kwamba huzuni yote ni kemikali. Kuna iliyokuwepo kabla.

Baba yangu alizikwa kihambani, karibu na baba yake. Mimi ndiye niliyeshughulikia jeneza, mabasi ya watu kutoka Dar, masufuria, padri, kila kitu. Jioni tulikunywa kama ilivyo desturi, na kesho yake tukanywa tena, na watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume. Sikujikaza. Nilikuwa sisikii kitu. Nilirudi kazini, nikaendelea, miaka ikapita, na nikawa nikiulizwa habari za baba nasimulia vizuri tu, hata nachekesha.

Baada ya kuacha pombe, siku moja niliingia dukani kununua betri. Muuzaji akaniwekea kaunta zile kubwa nyekundu ambazo baba alikuwa akizianika juani zikiishiwa nguvu, ili redio imfikishe kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Nilishindwa kulipa. Nilitoka na kukaa kwenye ngazi za duka, nikalia kilio ambacho mtu hulia siku anapopigiwa simu. Muuzaji alikuja na kikombe cha maji, akauliza, kaka, umefiwa? Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza lini. Nilishindwa kujibu hilo.

Tangu hapo nimesikia habari za namna hiyo kwa wengi. Dada mmoja alianza kumlilia mtoto aliyempoteza akiwa msichana mdogo. Sasa ana wajukuu. Mwanajeshi mstaafu alianza kuota ndoto za vitani. Pombe ilikuwa imeyafungia yote, na siku unapoacha, yanafunguliwa pamoja na msiba wa pombe yenyewe, na mtu hajui analilia lipi. Nadhani hapa ndipo wengi wanaporudi. Watu wanasema amerudia ulevi. Mimi nasema amekimbia kilio ambacho hakuwa na wa kukaa naye.

Kuna simulizi ninayoipenda kuhusu mwanzo wa vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo siku hizi vipo Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine mingi. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, baada ya shughuli iliyompeleka kuharibika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower, hana fedha za maana, hana mtu anayemjua. Upande mmoja kulikuwa na baa, na kelele za watu zilimfikia. Upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa. Akaanza kupiga simu kwa wasiomjua, akiomba wamtafutie mlevi mwingine azungumze naye. Ndivyo alivyokutana na daktari Bob Smith, na tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa vikundi hivyo. Kinachonigusa ni zile kelele. Kilichomwita Wilson ndani ya baa ile kilikuwa na sauti za watu, na alichokwenda kukitafuta kwenye simu kilikuwa sauti ya mtu. Alijua anachokikosa.

Mwandishi wa Kimarekani Caroline Knapp naye alijua. Kumbukumbu zake za maisha ya ulevi, zilizotoka mwaka 1996, alizipa jina la hadithi ya mapenzi, na humo hakuona haya kusema kwamba aliipenda pombe na kwamba kuiacha kulikuwa kuachana na mpenzi. Wapo watakaosema lugha hiyo ni ya hatari. Mimi naona hatari iko upande wa pili, kwa yule anayelazimishwa kusema kwamba hakuwahi kupenda kitu pale. Anajua anadanganya. Na siku atakapokumbuka jioni moja nzuri, jioni ya kweli, watu wakiimba, uongo wote uliojengewa uamuzi wake utaanguka nao.

Hata hivyo kuomboleza kuna namna zake. Anayemlilia marehemu humsifu, tena humsifu kupita kiasi, na hakuna anayemkatiza. Lakini anajua amezikwa. Aliyeacha pombe anapaswa kuwa macho hapo, kwa sababu kumbukumbu ya pombe huchagua. Inaleta glasi ya kwanza na kukata mkanda. Mimi nikijiwa nayo siifukuzi, naiacha iende mpaka mwisho: ya kwanza, ya nne, ugomvi usio na kichwa wala miguu, funguo zisizoingia kitasani, na mtoto anayejifanya amelala. Namlilia huyo marehemu mzima, pamoja na matendo yake yote. Kilio cha namna hiyo kinachosha, kisha kinapumzisha.

Desemba nyingine, palepale chini ya mparachichi, mzee mmoja jirani alinivuta mkono tukakaa pembeni.

"Mwanangu, nasikia uliacha."

"Ndiyo, Meku. Niliacha."

"Pole sana."

Nilidhani amekosea. Tangu niache nilikuwa sijapewa pole na mtu.

"Ya mwaka huu imekubali," akasema. "Ndizi ziliiva vizuri. Najua unaisikia harufu."

"Naisikia, Meku."

"Inauma?"

"Inauma."

"Inauma wapi?"

Nikamweleza. Nilianza na kata inayonipita, nikaenda kwenye vikao, nikafika kwa baba na betri zake. Hakuniambia nimshukuru Mungu, wala hakuniambia nitazoea. Alikuwa akitikisa kichwa na kusema eeh, eeh, kama wanavyofanya wazee msibani. Kata ilipofika kwake aliwaashiria kwa kiganja wapitishe, na mzunguko ule wote alikaa na mimi mikono mitupu. Uliofuata akanywa, kwa sababu mbege ilikuwa nzuri kweli na yeye hakuwa na sababu ya kuacha. Sikumwonea wivu.

Habari za mazungumzo yetu hazikukaa siri, vijijini hazikai. Shangazi, ambaye ndiye hupika, siku hizi hunitengea jagi la uji wa ulezi kabla haujachanganywa na ndizi, akiutia sukari kidogo, na kuna kata nyingine ndogo iliyotengwa kwa ajili hiyo. Inazunguka kwangu, kwa watoto, kwa binamu mmoja mwenye kisukari anayekunywa kwa kuibia, na tangu mwaka jana kwa kijana mmoja wa ukoo ambaye hajasema kama ameacha. Hatumuulizi. Akipewa anapokea.

Mwaka huu tunamwoza binti wa dada yangu. Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu wiki iliyopita, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja: vikao viwili vya kwanza vitafanyika nyumbani kwa dada, Jumapili saa tisa, baada ya ibada; vitakavyofuata vitakuwa palepale pa siku zote, kwa sababu wajumbe wengine wamelalamika. Akaniuliza kama nitaweza. Nilimwambia hivyo viwili nitakuja mapema kupanga viti. Hivyo vingine nitakuja pia, nitakunywa soda yangu moja, na kikao kikifungwa naomba wajumbe wawili watatu wanisindikize nje, tukae kwenye gari tumalizie mazungumzo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema yeye atakuwa wa kwanza, na akaniuliza mchango wangu uandikwe kiasi gani.